Kwa Nini Nyumba Moja Hushusha Pumzi na Nyingine Huweka Roho Juu

Jioni imeingia, ufunguo unasikika mlangoni. Katika nyumba moja, mtoto aliyekaa sakafuni anaendelea kupanga vizibo vyake vya chupa. Pengine atainua kichwa, pengine hatainua. Katika nyumba ya pili, mtoto wa rika hilohilo ameacha kucheza kabla mlango haujafunguka. Anasikiliza. Ufunguo umezungushwa taratibu au kwa hasira? Viatu vimevuliwa au vimetupwa? Mlango umefungwa au umebamizwa? Kabla hajauona uso wa aliyeingia, ameshajua kama jioni hii atabaki sebuleni au atajifanya amelala. Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha alama hizo. Amezijua mwenyewe kwa sababu zinamwokoa.

Nyumba hizi mbili zinaweza kulingana kwa ukubwa, samani na hata kelele. Kinachozitofautisha ni kwamba anayeishi katika ile ya kwanza hukisia kitakachofuata na kwa kawaida akapatia bila hata kujua kwamba amekisia. Wa nyumba ya pili hulazimika kukaa chonjo. Mazungumzo yoyote kuhusu nyumba na afya ya hisia yanafaa kuanzia hapo, maana wengi huutafuta utulivu kwenye rangi ya ukuta na mito ya kochi, kisha wanashangaa kwamba bado hawalali.

Kengele ya mwili na namna inavyozimika

Mwaka 1915 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi mwili wa kiumbe kilichotishika unavyojiandaa ama kupigana ama kukimbia. Tangu hapo maelezo yake yameongezewa mengi, lakini kiini chake kimesimama. Kisehemu cha ubongo kiitwacho amigdala, chenye umbo la lozi, kikihisi hatari hupeleka taarifa kwa haipothalamasi, sehemu nyingine ya ubongo inayoongoza homoni, na ndani ya sekunde chache adrenalini, homoni ya dharura, inamwagika kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, kinywa kinakauka, tumbo linapunguza kazi ya kusaga chakula. Wimbi la pili ni la kotisoli, homoni inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo. Hii haina haraka: hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 baada ya tishio, na kazi yake kubwa ni kuhakikisha mwili una sukari ya kutosha kuendelea na mapambano.

Mfumo huu haudhuru ukitumika inavyopaswa, yaani uwake, ufanye kazi, uzimike. Nyumbani ndipo mahali pa kuzimikia. Mtu aliyeshinda kazini akibanwa, au njiani akisukumana na umati, anarudi kengele ikiwa bado inalia kwa mbali. Kwa kawaida kotisoli hupanda alfajiri, ikawa juu kabisa kama nusu saa hadi dakika 45 baada ya kuamka, halafu ikateremka siku nzima mpaka kiwango cha chini karibu na usiku wa manane. Akikuta nyumba imetulia, mteremko huo unaendelea. Akikuta moto mwingine, unakatika, na kesho anaamka na uchovu ambao kulala hakukuuondoa.

Kengele isiyozimika huleta mambo ambayo watu hawayahusishi na nyumba kabisa: usingizi mwepesi wa kushtukashtuka, tumbo linalosumbua bila ugonjwa unaoonekana, kusahau ulichokifuata chumbani, hasira za karibu. Tena huleta jambo moja la hatari zaidi, nalo ni kuusoma uso wa kawaida kana kwamba umekasirika. Mtu aliyekulia kwenye kukaripiwa anaulizwa, “Mbona umechelewa?” na mwenzake ambaye alikuwa na wasiwasi tu. Yeye anasikia shutuma, anajibu kwa ukali, na mwenzake ambaye hakuwa na hasira sasa anayo. Wote wawili wataapa kwamba mwingine ndiye aliyeanza, na kwa jinsi kila mmoja alivyoyasikia, hakuna anayedanganya.

Usingizi nao haumkingi mtu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani walipiga picha za ubongo za watoto 20 wa miezi 6 hadi 12 wakiwa wamelala, huku wakiwasikilizisha sauti ya mtu akitamka maneno yasiyo na maana: mara kwa furaha, mara kwa sauti ya kawaida, mara kwa hasira kidogo, mara kwa hasira kali. Ubongo wa watoto waliotoka kwenye nyumba za ugomvi mwingi uliitikia hasira kali kwa nguvu zaidi, katika sehemu zinazoshughulika na msongo na hisia, haipothalamasi ikiwemo. Wazazi wanaojifariji kwamba “tunagombana akishalala” wanapaswa kulijua hili.

Athari zinaweza kwenda mbali. Uchunguzi mkubwa wa madaktari Vincent Felitti na Robert Anda, uliofanyika San Diego na kuanza kuchapishwa 1998, uliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000 kuhusu madhila ya utotoni: kupigwa, kudhalilishwa, kutelekezwa, kumwona mama akipigwa, kuishi na mlevi, na mengine ya namna hiyo. Kadiri madhila yalivyokuwa mengi ndivyo sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), ulevi na hata maradhi ya moyo yalivyoonekana zaidi ukubwani. Hiyo ni hesabu ya kundi zima la watu. Haimtabirii mtu mmoja mmoja, na aliyepitia mengi hajahukumiwa kuharibikiwa.

Ukimya wa woga

Kosa kubwa ni kuipima amani kwa sauti. Kuna nyumba zina redio, watoto wanaokimbizana na mabishano ya kupandiana juu, na bado kila mtu hulala fofofo. Kuna nyingine unaweza kusikia saa ya ukutani ikigonga, na kila aliyemo ana donge kooni.

Kipimo kizuri ni kikombe kilichovunjika. Kimeteleza mkononi, kimepasuka sakafuni. Tazama sekunde 3 za kwanza: macho ya waliopo yanakwenda wapi? Yakienda kwenye vipande na kwenye miguu iliyo peku, nyumba ni salama. Yakienda kwenye uso wa mtu fulani, kusoma atafanya nini, basi mnaishi kwa woga hata kama hakuna aliyepaza sauti mwezi mzima.

Vipimo vingine viko hivyohivyo, kwenye mambo madogo. Habari mbaya, kama mtoto kufeli mtihani, simu kupotea au deni kugundulika, huchukua muda gani kumfikia kila anayehusika? Zikifichwa wiki nzima, tena watu wakisaidiana kuzificha, kuna mtu anaogopwa. Je, kila mtu anaweza kusema “hapana, leo sitaki” bila kulipishwa baadaye? Mazungumzo hubadilika mtu fulani akiingia? Ni nani huwaambia wengine “msimkasirishe”? Anayesema maneno hayo kila siku ana nia njema, lakini amejipa kazi ya kumlinda mkali dhidi ya hasira zake mwenyewe, na watoto wanajifunza kwamba hasira za mtu mzima ni jukumu lao.

Kununa kunahitaji maelezo yake. Mtu kutaka kukaa peke yake baada ya maudhi ni haki yake, na mara nyingi ni busara. Kinachoumiza ni kunyamaziwa bila kujua kwa nini wala mpaka lini. Salamu haijibiwi, chakula kinasukumwa, anayenuniwa anakaa siku 3 akijichunguza amekosea wapi. Mwili wake unaliona hilo kuwa tishio kamili, hata kama hakuna aliyemgusa. Kutofautisha mapumziko na adhabu ni rahisi. Anayepumzika husema anakwenda kupumzika na atarudi lini. Anayeadhibu humwacha mwenzake apapase gizani.

Kugombana na kumaliza

Nyumba yenye amani hugombana. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewachunguza wanandoa kwa miongo kadhaa, aliona kwamba sehemu kubwa ya mambo yanayowagombanisha hayaishi kabisa, hata kwa wanaopendana; mmoja atabaki mtumiaji na mwingine mbanaji, mmoja mpenda wageni na mwingine mpenda kimya. Kwa hiyo anayeahidi nyumba isiyo na mvutano anaahidi kitu ambacho hakipo. Cha kujifunza ni jinsi ya kusimama kabla ya kuharibu, na jinsi ya kurudi.

Mwili una alama ya kuonyesha wakati wa kusimama umefika. Mapigo ya moyo yakizidi 100 kwa dakika wakati mtu ameketi, uwezo wake wa kusikiliza umeshuka sana. Atasikia nusu ya sentensi na kujibu nusu nyingine aliyoitunga mwenyewe. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha mara 4. Ukipata 25 ndani ya hizo sekunde 15, umeshafika 100, na lolote utakaloongeza hapo litakuwa la kujutia. Wasiotaka kuhesabu wanaweza kufuata dalili nyingine: masikio ya moto, kifua kubana, kurudia sentensi ileile kwa sauti inayopanda.

Hapo mmoja aombe mapumziko, kwa maneno yenye muda ndani yake: “Nimepandwa na hasira, siwezi kukusikia vizuri. Nipe nusu saa, saa mbili kamili nitarudi tuendelee.” Isipungue dakika 20, maana kemikali zilizokwisha mwagika hazikauki kwa kunywa maji tu. Isipitilize siku hiyo, au asubuhi ya pili kama usiku umekuwa mkubwa. Ndani ya muda huo fanya kitu kinachoshika mikono na macho: tembea, kunja nguo, oga. Au kaa uvute pumzi kwa sekunde 4 na kuitoa kwa sekunde 6, dakika 5 mfululizo. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika, na kule kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakoupunguza mwendo wa moyo.

Mapumziko haya huharibika kwa njia tatu zinazojirudia. Ya kwanza ni kutoka bila kuaga. Anayebaki huona ametupwa, akafuata hadi mlangoni, na ugomvi wa pili ukazaliwa juu ya wa kwanza. Ya pili ni kutumia dakika 30 zote kupanga majibu, au kumpigia ndugu simu kutafuta wa kukuunga mkono. Mwili haujui kwamba mabishano hayo yako kichwani tu, unaendelea kuwaka. Ya tatu ndiyo ya kawaida zaidi: kurudi na kusema “tuachane nayo”. Aliyeomba mapumziko ndiye mwenye deni la kufungua tena mazungumzo, na akishindwa mara mbili tatu, siku nyingine akiomba hatapewa.

Mkirudi, aanze kila mmoja na sehemu yake, na azungumzie jambo lenyewe. “Jana hukunipigia simu, nikabaki nikihangaika” inaweza kujibiwa. “Wewe kila siku hujali” haijibiki. Inaweza kukanushwa tu.

Watoto wakiuona ugomvi, wauone na mwisho wake. Mtafiti E. Mark Cummings na wenzake wameonyesha kwamba mtoto aliyewaona wakubwa wakikorofishana hutulia sana akiona wamepatana, na hata akielezwa baadaye kwamba wamemaliza hupata nafuu. Wengi hufanya kinyume chake: hugombana sebuleni na kupatana chumbani. Mtoto anabaki na mwanzo bila mwisho, na mwisho anautunga mwenyewe, kwa kawaida wa kutisha kuliko ukweli.

Na mkubwa akimkosea mtoto, amwombe radhi waziwazi. Radhi nzuri ina sehemu tatu na haizidi nusu dakika: “Asubuhi nilikufokea mbele ya wenzako. Nilikuwa nimechelewa na nimekasirika, lakini hukustahili kufokewa vile. Kesho nikiona muda unabana nitakuamsha mapema.” Kosa limetajwa kwa jina, mzigo umeondolewa kwa mtoto, na kuna kitu kitakachobadilika. Ikifuatiwa na “lakini na wewe…”, imefutika. Zawadi badala ya maneno nayo haifai, maana mtoto anapokea kitu bila kujua kama lile la asubuhi lilikuwa halali au la. Wengine huogopa kwamba kumwomba mtoto radhi kunamshushia mzazi heshima. Kwa yote tunayoyajua kuhusu watoto, mzazi anayekiri kosa huaminiwa zaidi hata anapokemea, maana mtoto ameshaona kwamba mzani wa nyumba hiyo hupima pande zote.

Mtoto anapata wapi ujasiri

Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, alizitembelea familia 26 nchini Uganda, akirudi kila baada ya wiki mbili hivi kuangalia watoto wachanga na mama zao. Aliona jambo ambalo baadaye lilikuja kuwa mhimili wa elimu ya malezi: mtoto anamtumia mama kama kituo. Anatambaa kwenda kuchungulia kitu, anageuka kumtazama mama, anaendelea, anarudi kumgusa, anaondoka tena. Mtoto mwenye uhakika na kituo chake hufika mbali zaidi. Asiye na uhakika ama hung’ang’ania, ama hujifanya hajali. Kwa hiyo wanaosema kumfariji mtoto kila anapolia kunamfanya tegemezi wameyageuza mambo juu chini.

Kituo hakihitaji mzazi asiyekosea. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha kwa dakika chache wakaze uso bila kuonyesha hisia yoyote. Mtoto alitabasamu, akanyoosha mkono, akapiga kelele za kuita, mwishowe akageuza uso na kulia. Mama aliporudi kucheza, mtoto hakuchangamka mara moja, lakini alirudi. Kuachana na kurudiana kwa namna hii hutokea mara nyingi kila siku kwenye nyumba yoyote nzuri. Kinachomjenga mtoto ni kule kurudiana. Uso wa mzazi aliyezama kwenye simu unafanana mno na ule uliokazwa, na huo nao una dawa ileile: weka simu chini, mtazame, mwite jina.

Baada ya kurudiana, kinachofuata kwa uzito ni ratiba. Haihitaji kuwa ndefu. Mambo matatu yenye saa isiyoyumba yanatosha: kuamka, mlo mmoja wa pamoja, na kulala. La kulala lifanyike kwa mpangilio uleule kila siku, kwa mfano kuoga, kuvaa, hadithi, taa, ndani ya dakika 30 hadi 45. Ratiba huvunjika pale wakubwa wanapoipanga kwa shauku wakaijaza mambo kumi. Wiki ya pili imekufa, na mtoto amejifunza kwamba mipango ya nyumbani haina uzito. Anza na moja. Likishika wiki 3 bila kusukumwa, ongeza la pili.

Kuta, sauti, mwanga na komeo

Nyumba yenyewe ina mchango wake, ingawa ni mdogo kuliko wa watu waliomo. Sauti ndiyo ya kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilipendekeza kelele za mfululizo chumbani zisizidi desibeli 30 wakati wa kulala, yaani kama mnong’ono, na mlio wa ghafla usizidi 45. Sikio halilali. Hata mtu asiyeamka, moyo wake huruka kidogo kila honi inapopigwa. Mwaka 1973 watafiti wa New York walichunguza watoto waliokaa kwenye maghorofa yaliyojengwa juu ya barabara kuu, wakakuta wale wa ghorofa za chini, penye kelele zaidi, walikuwa dhaifu katika kupambanua sauti zinazokaribiana na katika kusoma. Sababu inaeleweka: ubongo unaozoea kupuuza kelele hujikuta unapuuza na maneno.

Hatua za kupunguza ni za kawaida. Ziba upenyo wa chini ya mlango, maana sauti hupita penye hewa. Tundu dogo huharibu kazi ya ukuta mzima. Geuza kitanda kichwa kiwe upande usiopakana na barabara au na televisheni ya jirani. Pazia zito na zulia hupunguza mwangwi wa ndani, lakini usitegemee vizuie sauti ya nje. Kwa hilo kinachosaidia ni uzito na kuziba nyufa. Na televisheni isiyotazamwa na mtu izimwe. Inaonekana haina neno, ila kila mtu analazimika kuongea juu yake, na nyumba nzima inapandisha sauti bila kujua.

Mwanga mkali usiku huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Zikibaki saa 2 kabla ya kulala, zima taa kubwa ya dari, uache ndogo iliyo chini ya usawa wa macho. Asubuhi fungua mapazia mapema. Mwanga wa mchana ndio unaoisawazisha saa ya mwili.

Komeo linastahili kutengenezwa kabla ya kununua kiti kipya. Kitasa kinachocheza, dirisha lisilofunga, njia ya kwenda msalani isiyo na taa: kila kimoja ni swali dogo ambalo ubongo hulirudia usiku kucha. Chumba cha kulala kiwe na kitu cha kufungia kwa ndani ambacho mtoto au mgonjwa anaweza kukifungua haraka kukitokea moto.

Msongamano una ugumu wake, maana wengi hawana uwezo wa kuongeza chumba. Kinachoelemea zaidi kuliko idadi ya watu ni kukosa pa kujitenga hata kwa dakika 10. Kona yenye pazia, nusu ya kitanda ambayo hakuna mwingine anaigusa, sanduku lenye ufunguo, saa fulani ambayo chumba ni cha mtu mmoja: hivi vinafanya kazi ikiwa nyumba nzima inaviheshimu. Kama sheria ni “ukiwa nyuma ya pazia huitwi”, basi asiitwe, hata na mzazi, isipokuwa kwa dharura.

Kuhusu vitu kuzagaa, watafiti wa Los Angeles, Darby Saxbe na Rena Repetti, walichapisha mwaka 2010 kazi iliyowarekodi wanandoa wakizizungukia na kuzielezea nyumba zao. Wanawake waliozielezea kama nyumba zilizojaa vurugu na kazi zisizokwisha, kotisoli yao haikuteremka vizuri mchana kutwa. Kwa maoni yetu hilo linasema mengi juu ya nani anayeonekana mwenye deni la kuvipanga vitu hivyo. Kwa hiyo dawa haiko kwenye kumhimiza mtu mmoja apange zaidi. Gawaneni kazi kwa majina, na kila kazi ikabidhiwe nzima, kuanzia kuiona mpaka kuimaliza. “Niambie tu nikusaidie nini” bado inamwachia mwingine mzigo wa kukumbuka.

Pale woga una sababu

Yote yaliyotangulia yanahusu nyumba ambazo watu wake wanakoseana lakini hawatishani. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa 2021, karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na mara nyingi mtendaji ni mwenza wake. Wanaume na watoto nao hufanyiwa ukatili. Kupigwa si lazima kuwepo. Kuna anayepokonywa mshahara, anayepekuliwa simu kila usiku, anayekatazwa ndugu na marafiki mmoja baada ya mwingine, anayetishiwa kuhusu watoto. Akiwa hivyo, pumzi za sekunde 4 kwa 6 hazimsaidii kitu. Kengele yake inalia kwa haki. Ushauri wa wanandoa wakiwa pamoja nao una hatari, kwa kuwa atakachokisema mbele ya mshauri anaweza kulipishwa wakirudi nyumbani.

Anayeishi hivyo apange kimya kimya. Amteue mtu mmoja wa nje na wakubaliane neno la siri ambalo maana yake ni “ita msaada”. Ugomvi ukianza, asisimame jikoni kwenye visu wala kwenye chumba chenye mlango mmoja. Vitambulisho, vyeti vya watoto, dawa, fedha kidogo na ufunguo wa akiba viwe mahali pamoja, ikiwezekana nje ya nyumba hiyo. Atafute taarifa kwa simu ambayo mtesi haishiki. Na wanaompenda waache kumwuliza “mbona huondoki?”, kwa sababu wakati wa kuondoka na majuma yanayofuata ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, naye kwa kawaida analijua hilo kuliko wao. Aondoke kwa mpango, akisaidiwa na watu wanaoifahamu kazi hiyo: ustawi wa jamii, dawati la polisi la ukatili wa kijinsia, au mashirika yanayohifadhi waathirika. Akikabwa koo hata mara moja, msaada utafutwe siku hiyohiyo. Kukabwa ni miongoni mwa dalili kuu kwamba mauaji yanaweza kufuata, na madhara yake mwilini huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye bila alama shingoni.

Nyumba tulivu nayo ina mpaka wa uwezo wake. Huzuni nzito au kukosa hamu ya kila kitu kwa zaidi ya wiki 2, karibu kutwa nzima, ni dalili ya sonona na inahitaji mtaalamu wa afya, hata kama nyumbani kila kitu ni shwari. Fikra za kujiua hazisubiri wiki 2.

Mwili huchelewa kuamini

Kuna jambo ambalo huwashtua walioingia kwenye nyumba salama baada ya miaka ya vurugu: majuma ya kwanza huweza kuwa mabaya kuliko yaliyopita. Usingizi unakatika saa nane usiku. Ukimya unatisha, maana kule walikotoka ukimya ulitangulia kipigo. Mwingine hujikuta anachokoza ugomvi, bila kukusudia, ili kinachosubiriwa kije kiishe. Hii haimaanishi kwamba anapatamani mahali pa zamani, wala kwamba hana shukrani. Kengele iliyolia miaka 10 haizimwi kwa kuhama.

Anayeamka usiku namna hiyo awashe taa ndogo, aweke nyayo sakafuni, ataje kwa sauti vitu vitano anavyoviona na jina la mahali alipo, halafu alikague komeo kwa mkono mara moja tu. Kulikagua mara tano kunaufundisha ubongo kwamba hatari ipo.

Watoto huonyesha kwa njia yao. Yule aliyekuwa mpole kupita kiasi, anayekula bila kuacha punje na kuomba ruhusa ya kwenda chooni, mwezi wa pili anaanza kukataa kuoga, anamwaga maziwa, anabamiza mlango, anamjibu mlezi. Walezi wengi hapa hukata tamaa wakidhani wanamharibu. Mara nyingi ni kwamba amepata mahali ambapo anaweza kukosea, na anajaribu kuona kama ni kweli. Mpaka ubaki palepale: mlango haubamizwi, maziwa yanafutwa na aliyemwaga, kwa sauti ileile ya kawaida. Ajaribu mara 20, na mara zote 20 akute jibu ni lilelile.